Mwongozo kamili: Kupima regyuleta ya volti 5 ikiwa na mzigo, kabla saketi haijaondoka mezani

Kosa linalojirudia ni hili. Fundi anamaliza kuunga saketi ya 7805 (regyuleta, yaani aisii ya miguu mitatu inayoshusha volti za betri na kuzishika kwenye 5), anagusa miguu kwa mita, anasoma V 5.02, anafunga kasha. Usiku saketi inapanda boti pale Kibirizi, Kigoma, pamoja na betri ya volti 12, na simu inagoma kuchaji, au taa inawaka na kufifia kila baada ya dakika chache. Asubuhi inarudishwa mezani kwa fundi, mtaa wa Mwanga, inapimwa tena: V 5.02. Fundi anasema ni nzima, mwenye chombo anasema ni mbovu, na wote wawili wanasema kweli.

Ile V 5.02 ilisomwa saketi ikiwa haifanyi kazi yoyote. Mita ya dijitali inavuta umeme mdogo mno, sehemu za milioni za ampea. Aisii iliyochoka, lehemu iliyopasuka, au waya ulioshikwa na nywele moja tu ya shaba, vyote vinaweza kutoa volti 5 safi kwa mita na vikashindwa papo hapo mzigo halisi ukija. Bila mzigo hujapima kitu.

Kwa hiyo tunapima saketi katika hali itakazokutana nazo kazini: ikivuta mzigo, betri ikiwa imejaa na ikiwa imechoka, na kasha likiwa limefungwa kwenye joto. Mfano wetu ni 7805. Mambo yanayobadilika kwa 7812 (ya volti 12), LM317 (ya volti za kurekebisha) na moduli za LM2596 (zinazoshusha volti kwa kukatakata umeme, bila joto jingi) yako karibu na mwisho.

Tenga saa moja na nusu. Sehemu kubwa ni kusubiri joto litulie. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, na ndipo taa na chaja huletwa kwa fundi. Hizo ndizo siku za kupima bila haraka.

## Vifaa vya kuandaa

- Rezista nne za omu 10, wati 10, zile nyeupe za saruji. Huu ndio mzigo wako.
- Mita mbili. Mojawapo iwe na kipimo cha milivolti za AC. Ukiwa na moja tu, kazi inawezekana, ila utahamisha ncha mara nyingi.
- Umeme wa kuingilia unaorekebishika, V 7 hadi 15. Kama huna mashine ya mezani, chukua chaja ya laptopu ya V 19 na moduli ya LM2596. Zungusha skrubu ya moduli upate volti unayotaka.
- Betri ya volti 12 iliyojaa, kwa kuwasha mara ya kwanza na kwa vipimo vya mwisho na vya mawimbi.
- Fyuzi ya A 2 na kishikio chake, pamoja na balbu ya V 12, wati 5 ya pikipiki au gari.
- Kapasita ya µF 1 isiyo na chanya na hasi, ya V 50 au zaidi.
- Kipimajoto chenye waya wa kugusisha. Baadhi ya mita huuzwa nacho.
- Kipande cha kigae cha kulazia rezista. Zitachemka kiasi cha kuunguza meza ya mbao.
- Klipu za meno, hitisinki (bati la kupoza aisii) na grisi yake, daftari na kalamu.

Kwa nini rezista nne zinazofanana? Kwa sababu kwa V 5 zinakupa ngazi zote unazohitaji:

- Nne kwa mfululizo: omu 40, A 0.125
- Mbili kwa mfululizo: omu 20, A 0.25
- Moja: omu 10, A 0.5
- Mbili sambamba: omu 5, A 1

Kwenye saketi ya V 12 hesabu hubadilika. Rezista moja ya omu 10 italazimika kubeba wati 14.4, na hiyo imezidi uwezo wake. Unga mbili kwa mfululizo, kisha jozi mbili hizo sambamba: bado ni omu 10, bado ni A 1.2, lakini kila rezista inabeba wati 3.6.

Usitumie balbu ya gari kama mzigo. Waya wa ndani ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana. Balbu ya wati 21 ina karibu omu 7 ikiwaka, lakini ikiwa baridi haifiki hata omu 1. Regyuleta nzima ikiwashwa juu ya balbu baridi hujibana kujilinda, na utaitupa aisii isiyo na kosa.

## Hatua ya 1: Kagua bila umeme

Geuza aisii, maandishi yakutazame na miguu iangalie chini. Kutoka kushoto:

- 7805: kuingia, hasi, kutoka
- 7905 (ya volti 5 za upande wa hasi): hasi, kuingia, kutoka
- LM317: kurekebisha, kutoka, kuingia

Zote tatu zina umbo moja, na ukizichanganya huharibu zaidi ya aisii yenyewe. Kumbuka pia bati la mgongoni. Kwenye 7805 bati ni hasi, kwa hiyo unaweza kulifunga moja kwa moja kwenye kasha la chuma lililoungwa na hasi. Kwenye LM317 bati ni upande wa kutokea, na kwenye 7905 ni upande wa kuingilia. Hizo mbili lazima zikae juu ya mika (karatasi ngumu isiyopitisha umeme) zikiwa na bushi ya plastiki kwenye skrubu.

Tazama kapasita mbili ndogo: µF 0.33 upande wa kuingilia na µF 0.1 upande wa kutokea, zikiwa karibu kabisa na miguu. Wengi huziacha kwa kuona saketi inawaka bila hizo. Inawaka kweli, lakini waya wa kutoka kwenye betri ukiwa mrefu, aisii huweza kuanza kutetema yenyewe kwa kasi ambayo mita haiioni. Ukisikia aisii inapata joto bila mzigo, shuku hapo kwanza.

Sasa weka mita kwenye omu. Ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu kwenye mguu wa kutokea. Namba ipande polepole kadiri kapasita zinavyojaa. Ikibaki chini ya omu 10 kuna shoti, usiwashe.

Umefaulu ukiona: miguu iko sahihi, hakuna shoti kuingia wala kutoka, lehemu zinang'aa bila ufa kuzunguka mguu.

## Hatua ya 2: Washa kupitia balbu

Unga ile balbu ya wati 5 kwa mfululizo kwenye waya chanya wa betri, bila mzigo wowote upande wa kutokea. Kama kuna shoti, balbu itawaka na kuubeba umeme wote badala ya kuchoma saketi.

7805 yenyewe hutumia milliampea 5 hivi, kwa hiyo balbu inapaswa kubaki giza. Ikimulika kidogo na kuzima mara moja ni kapasita kubwa inajaa. Hiyo si dalili mbaya.

Pima upande wa kutokea. Kiwango cha 7805 ni V 4.8 hadi 5.2.

Onyo: ukisoma V 10 au zaidi, zima hapo hapo. Mguu wa katikati haujafika kwenye hasi. Regyuleta isiyo na hasi haijui inapima kutoka wapi, hivyo hupitisha karibu volti zote za betri. Hili ndilo kosa linaloua simu za watu, na linaweza kutokea baadaye kwenye saketi iliyokuwa nzima, lehemu ikipasuka kwa mtikisiko. Tutalirudia kwenye hatua ya 7.

Ukiridhika, toa balbu na uweke fyuzi ya A 2 mahali pake. Usiendelee na hatua ya 3 balbu ikiwemo, kwa sababu itakula volti na kuvuruga vipimo.

## Hatua ya 3: Panda ngazi za mzigo

Funga hitisinki kwanza, ikiwa na grisi. Weka umeme wa kuingilia kwenye V 9, usitumie V 12 bado. Tunataka kujua jinsi aisii inavyoshika volti, na joto tutalipima peke yake. Kwa V 9 na A 1 aisii inageuza wati 4 kuwa joto. Kwa V 12 zingekuwa wati 7, na namba zingeanza kuhama kabla hujaziandika.

Gusisha ncha za mita kwenye miguu ya aisii yenyewe, wa kutokea na wa hasi. Kisha:

1. Soma bila mzigo. Andika.
2. Unga omu 40. Subiri sekunde 10. Andika volti za kutoka na za kuingia.
3. Rudia kwa omu 20, kisha 10, kisha 5.
4. Toa mzigo. Soma tena bila mzigo.

Ampea usizipime kwa mita. Gawa volti ulizosoma kwa omu za mzigo: V 4.98 kwa omu 10 ni A 0.498. Kuna sababu mbili. Kwanza, mita ikiungwa katikati ya njia, ukinzani wake na wa waya zake huiba sehemu ya volti unazozitafuta. Pili, tundu la A 10 kwenye mita nyingi za bei nafuu halina fyuzi. Ukisahau waya humo kisha ukaenda kupima volti za betri, umepiga shoti ya betri kwa mkono wako.

Namba za saketi nzima huwa kama hivi: 5.03 bila mzigo, 5.02 kwa A 0.125, 5.02 kwa A 0.25, 5.01 kwa A 0.5, 4.99 kwa A 1. Karatasi ya watengenezaji inaruhusu 7805 ishuke hadi milivolti 100 kutoka mzigo mdogo kabisa hadi A 1.5. Aisii nzuri haifiki nusu ya hapo.

Zikishuka zaidi, usikimbilie kubadili aisii. Tazama safu ya volti za kuingia kwenye daftari lako. Kama nazo zimeshuka chini ya V 7.5, aisii haina kosa. Umeme unaofika ni pungufu. Kosa liko kwenye betri, fyuzi iliyolegea, waya mwembamba au swichi yenye kutu. Unyevu wa ziwani hula swichi za bei nafuu upesi.

### Sasa hamia mwisho wa waya

Acha mzigo wa omu 5, hamisha ncha za mita hadi pale simu itakapochomekwa. Tofauti kati ya kipimo hiki na kile cha kwenye miguu imeliwa na waya.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, wenye urefu wa mita 2, una kwenda na kurudi, yaani mita 4 za shaba: karibu omu 0.14. Kwa A 1 unakula V 0.14. Ule mwembamba wa spika, wa milimita za mraba 0.2, unakula V 0.34, na V 4.99 yako inafika kwenye simu ikiwa 4.65. Simu nyingi zikiona hivyo hupunguza ulaji au huacha kabisa. Tumia V 4.75 kama mstari: chini ya hapo mwishoni mwa waya, badili waya. Kubadili aisii hakutasaidia, na kuna aisii nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu hii tu.

Umefaulu ukiona: kwenye miguu, kushuka kusikozidi milivolti 100, mwishoni mwa waya, V 4.75 au zaidi kwa mzigo kamili. Na kipimo cha mwisho bila mzigo kimerudi kulekule kilikoanzia.

## Hatua ya 4: Tafuta pengo la chini

7805 inahitaji volti za kuingia ziwe juu ya za kutoka kwa karibu V 2 ikiwa na mzigo wa A 1. Likipungua pengo hilo, aisii inaacha kudhibiti na volti za kutoka zinafuata za kuingia zikishuka.

Weka mzigo wa omu 10. Anza V 14.5, ambayo ndiyo hali ya betri ikichajiwa kwa sola au kwa injini. Andika volti za kutoka. Shuka 12, 10, 8, kisha punguza kidogo kidogo hadi volti za kutoka zianguke V 0.1 chini ya zilivyokuwa kwenye V 12. Andika volti za kuingia wakati huo. Kwa 7805 nzima zitakuwa karibu V 7 au chini yake kidogo. Zikiwa V 8 na kitu, aisii ni ya bandia au imeumia.

Kwa betri ya volti 12 nafasi ni kubwa. Hatari iko kwa saketi za transfoma zinazotumia umeme wa nyumbani. Chukua transfoma ya V 9 na kapasita ya µF 2200. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 190, transfoma inatoa V 7.4, kilele chake ni V 10.5, na dayodi mbili zinakula V 1.8: inabaki V 8.7. Kati ya kilele na kilele, mzigo wa A 0.5 unaishusha kapasita kwa V 2.3. Chini ya shimo hilo inabaki V 6.4, pungufu ya pengo linalohitajika. Lakini mita yako inaonyesha wastani, V 7.5 hivi, na utaapa kwamba umeme unatosha. Kapasita ya µF 4700 inapunguza kina cha shimo hadi karibu V 1.1 na tatizo linakwisha.

Hesabu ya kina cha shimo ni rahisi: ampea mara 0.01, gawa kwa faradi (µF 2200 ni faradi 0.0022). Ni ya upande wa tahadhari, na ndivyo inavyofaa.

## Hatua ya 5: Joto, dakika 30 bila kukatisha

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayokamata saketi nyingi mbovu. Regyuleta ya aina ya 7805 haipotezi volti za ziada popote, inazigeuza joto.

Wati za joto = (volti za kuingia − volti za kutoka) × ampea.

Betri ya V 12.7, mzigo A 0.5: 7.7 × 0.5 = wati 3.85. Betri ikiwa kwenye chaji, V 14.4: wati 4.7.

Je, 7805 ikiwa uchi bila hitisinki inaweza kubeba kiasi gani? Ndani yake kusizidi digrii 125, na kila wati inaongeza digrii 65 juu ya hewa iliyopo. Mchana wa digrii 30, zimebaki digrii 95 za kutumia. Gawa kwa 65, unapata wati 1.46. Kwenye betri ya V 12.7 hiyo ni milliampea 190 tu. Wanaouliza kwa nini 7805 ya "ampea moja" inazimika kwa nusu ampea, jibu ni hilo. Tabora mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado, hewa ya nje peke yake hupita digrii 30. Ndani ya kasha lililoachwa juani weka 45 hadi 50 kwenye hesabu.

Kwa wati 4.7 ndani ya kasha lenye digrii 45, unahitaji hitisinki isiyozidi digrii 8 kwa wati. Bati la alumini la sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 2 au 3, likisimama wima penye hewa, hufika hapo. Vile vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba havifiki.

Jinsi ya kupima:

1. Weka saketi ndani ya kasha lake halisi, funga kifuniko. Rezista za mzigo zibaki nje, zisipashe kasha.
2. Gusisha waya wa kipimajoto kwenye bati la aisii, karibu na skrubu, kwa tone la grisi na utepe unaovumilia joto.
3. Weka umeme wa kuingilia V 14.4, mzigo omu 10.
4. Kila dakika 5 andika joto na volti za kutoka, hadi dakika 30.

Ndani ya aisii kuna joto kuliko bati lake: ongeza digrii 5 kwa kila wati. Bati likiwa 85 na wati ni 4.7, ndani ni karibu 109. Hapo ndipo tunaposimama. Bati likipita digrii 85, ongeza hitisinki au punguza mzigo.

Huna kipimajoto? Chuma cha digrii 60 mtu wa kawaida hawezi kukishika zaidi ya sekunde chache. Hicho ni kipimo cha kukutahadharisha tu, hakikutofautishii 70 na 110, na usikitumie kwenye saketi inayoguswa na umeme wa ukutani.

Aisii ikichemka kupita kiasi inajizima, inapoa, inajiwasha tena. Volti zinaanguka na kurudi zenyewe. Hiyo ndiyo taa inayofifia kila baada ya dakika chache.

Kama kazi inadai A 1 kutoka betri ya volti 12, msimamo wetu ni kwamba 7805 isitumike. Wati 9.4 za joto ndani ya kasha dogo hazina njia ya kutoka. Moduli ya LM2596 kwa kazi hiyo hiyo inapoteza wati 1.3 hivi.

Umefaulu ukiona: joto limeacha kupanda kabla ya dakika 30, bati liko chini ya digrii 85, na volti za kutoka hazijahama zaidi ya milivolti 50 tangu dakika ya kwanza.

## Hatua ya 6: Mawimbi yaliyobaki

Mawimbi ni kupanda na kushuka kudogo kwa volti kunakobaki upande wa kutokea. Kwa saketi ya betri, hatua hii ni fupi. Kwa saketi ya transfoma au kikuza sauti, ndiyo inayotofautisha spika tulivu na spika inayovuma.

Mita ya njano ya aina ya DT-830 haifai hapa. Kipimo chake cha AC kinaanzia V 200, tena hakizuii DC kupita, kwa hiyo volti 5 safi huonekana kama AC ambayo haipo. Ukigeuza ncha, nyekundu na nyeusi zikabadilishana, na namba ikabadilika au kutoweka, jua ulikuwa unasoma uongo.

Tumia mita yenye milivolti za AC, na uweke kapasita ya µF 1 kwa mfululizo na ncha nyekundu. Kwanza gusisha ncha mbili pamoja karibu na saketi uone mita inasoma nini bila kitu. Mara nyingi ni milivolti 1 au 2. Kisha pima upande wa kutokea, mzigo ukiwa kamili, ukisubiri namba itulie.

7805 inayofanya kazi huzima mawimbi ya V 2 upande wa kuingilia yakabaki milivolti 2 upande wa kutokea. Tarajia chini ya milivolti 5 kwenye mita. Ukitaka urefu wa wimbi kutoka bonde hadi kilele, zidisha kwa 3.5. Ukisoma milivolti 50 au 200, rudi hatua ya 4: shimo la kapasita limepita pengo.

Mita haiwezi kuona mawimbi ya LM2596, ambayo hukata umeme mara 150,000 kwa sekunde. Hapo unahitaji osiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo), na waya wake wa hasi uwe mfupi sana, la sivyo utapima kelele za hewani. Bila osiloskopu, sogeza redio ya AM: ikivuma moduli ikiwaka na kunyamaza ikizimwa, ongeza kapasita ya µF 220 upande wa kutokea, karibu na moduli.

## Hatua ya 7: Gonga, tikisa, chomoa

Rudisha umeme kwenye betri ya volti 12 kupitia fyuzi. Mzigo omu 10, mita kwenye upande wa kutokea. Kama ina kitufe cha kukumbuka kipimo cha juu na cha chini, kiwashe. Gonga bodi polepole kwa mpini wa plastiki wa bisibisi: karibu na miguu ya aisii, kwenye kapasita kubwa, kwenye viungo vya waya. Tikisa kila waya unaoingia na kutoka.

Volti zikipanda hata mara moja, lehemu ya hasi ina ufa. Iyeyushe upya, ongeza lehemu, kisha gonga tena. Kwa saketi ya boti au bodaboda, usiiruhusu itoke bila kipimo hiki.

Chomoa na kuchomeka mzigo mara kumi kwa haraka. Volti zirudi mahali pake kila mara.

Wengine hujaribu shoti kwa makusudi. 7805 halisi inavumilia shoti ya sekunde 1 au 2, kisha inarudi. Moduli za LM2596 za bei nafuu si za kuaminiwa, usijaribu.

## Kinachobadilika kwa aisii nyingine

7812. Inahitaji V 14 au zaidi kuingia. Ikiwekwa kwenye betri ya V 12.7 itatoa kama V 10.7, na haitabadilika hata uweke aisii mpya mara ngapi. Kwa ruta au king'amuzi cha V 12 kinachotumia betri, nunua moduli ya kupandisha na kushusha.

LM317. Bila mzigo volti zake hupanda, kwa sababu inahitaji hadi milliampea 10 zipite muda wote. Tumia omu 120 kati ya mguu wa kutokea na wa kurekebisha, na omu 360 kutoka wa kurekebisha kwenda hasi: unapata V 5, na rezista zenyewe ndizo mzigo wa chini.

LM2596. Rekebisha skrubu kabla ya kuunga chochote. Inaweza kuhitaji mizunguko mingi kabla namba haijasogea. Kwa kipimo cha A 2, unga rezista zote nne sambamba, omu 2.5. Maandishi yanasema A 3, lakini moduli isiyo na hitisinki tuiwekee mpaka wa A 2, na kwenye kasha lililofungwa chini ya hapo.

## Bandika namba kwenye kasha

Kwa utepe wa karatasi: volti za kutoka, ampea ilizopimwa kwa dakika 30, volti za kuingia za chini na za juu, ukubwa wa fyuzi, tarehe. Mfano: "V 5, A 0.5, kuingia V 8–14.5, fyuzi A 1". Saketi ikirudi, utaanza na namba hizo, na mwenye chombo atajua kwamba hairuhusiwi simu tatu kwa mpigo.

## Dalili na mahali pa kuanzia

- V 5 bila mzigo, V 3 ikiwa na mzigo: volti za kuingia zinaanguka. Pima kwenye mguu wa kuingilia mzigo ukiwepo.
- Inafanya kazi dakika chache, inazima, inarudi: joto. Hatua ya 5.
- V 10 au zaidi: hasi imekatika.
- Aisii ina joto bila mzigo: kapasita ndogo hazipo, au ziko mbali na miguu.
- Nzuri mezani, mbovu botini: waya mrefu, swichi yenye kutu, au betri iliyochoka. Pima ukitumia betri na waya za botini.
- Aisii mpya inaanguka kwa A 0.5 ingawa bati ni la baridi na volti za kuingia zinatosha: aisii ni ya bandia. Jaribu nyingine kutoka pakiti tofauti, kwa sababu zile za pakiti moja huwa na kosa moja.
- Aisii inakufa kila betri inapochomolewa: kapasita kubwa upande wa kutokea inarudisha umeme kinyume kupitia aisii. Unga dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea mguu wa kuingilia na upande mwingine kwenye mguu wa kutokea.